Mkaja wa Marekani

Siku ya tatu Bi Mwanajaa alinifunga mkaja:
marekani ya mikono saba, haijafuliwa,
bado inanuka wanga wa dukani.
Goti lake kiunoni mwangu, pindo menoni mwake.
"Vuta pumzi. Itoe. Usizungumze."
Kitambaa kikaguna, nami nikaguna.

Mimi ni fundi cherehani, Langoni,
sijui kufungwa pasipo kupima.
Nikaomba chaki, nikatia alama
pale fundo lilipokaa, juu ya mfupa wa nyonga.

Jioni fundo limeteremka vidole vinne.
"Tumbo limerudi," akasema.
"Au kitambaa kimekwenda," nikasema.
Akanitazama kama atazamaye maziwa yanayotaka kuchacha.
"Yeo latosha." Akachukua chetezo chake, akatoka.

Mtoto ananyonya, mimi niko chuo cha ufundi:
mwalimu Skanda, mwembamba, mfuko wa shati umejaa pini,
ametundika uzi wa pamba msumarini
na mkebe wa vifungo chini yake.
Sentimita mia. Ukavutika hadi mia na tano.
Akaondoa mkebe: mia na tatu.
Tukaanza kufunga madaftari.
"Asiuguse mtu," akasema, "hadi kesho."
Kesho yake: mia na mbili na ushei.
Usiku kucha, darasa limefungwa, taa zimezimwa,
uzi ulikuwa unarudi.
Akauchovya maji, akauanika kivulini:
mia na moja.
Hiyo moja
tuliingojea hadi likizo.

Nailoni ilirudi mbio
kama mtoto aliyetumwa duka lililofungwa.
Ila pamba, alisema, hulipa kama mdeni wa mtaani:
kidogo leo, kidogo kesho,
na kilichobaki ukikidai, utakata uzi.

Ijumaa nikaufua mkaja.
Chaki yote ikaenda na maji,
kwa hiyo nikashona alama kwa uzi mwekundu,
tundu moja moja, mtoto miguuni kwenye kapu la vitambaa.
Ulipokauka kiwandani ulikuwa umejikunja,
umekumbuka karibu kila kitu.
Karibu.

Kila asubuhi tukavutana hivyo,
mimi na ule ukanda:
mimi narudi, wenyewe unakwenda,
tunakutana mahali ambapo hapakuwa pangu
wala pake.

Arobaini ikafika. Ubani, maji ya moto, wanawake, kelele.
Walipoondoka nikafunga mlango wa chumba, nikatoa futi.
Kabla ya mimba, inchi ishirini na saba.
Mwezi wa tisa, arobaini na moja.
Sasa thelathini.
Nikapima tena bila kuvuta pumzi.
Thelathini na nusu.
Kisha nikaupima mkaja sakafuni:
mikono saba na shibiri ndogo.
Nikacheka peke yangu, nikamwamsha mtoto.

Nguo zangu zote nilizishona mwenyewe,
na kila mshono niliuwekea akiba ndani, inchi mbili, inchi mbili na nusu,
nikisema ni kwa ajili ya wateja, mkono umezoea.
Nikaanza kufumua. Ndani ya mshono
rangi ilikuwa mpya, kijani ambayo jua halijaiona,
mstari mrefu ubavuni, kama njia
ya mtu aliyepita mara moja tu.
Sikuuficha kwa utepe.

Mwezi wa Mfunguo Nne Bi Mwanajaa akaja kuazima mkaja.
Mwanaate wa nyuma ya msikiti amejifungua pacha.
"Umelegea huo," nikamwambia, "nunua mpya."
Akaushika ncha mbili, akaukaza mara moja, kwa nguvu,
akasikiliza.
Haukwenda. Kidogo tu, nywele mbili, kisha ukasimama.
"Mpya huteleza," akasema. "Huu ushazaa."
Akaukunja, alama zangu nyekundu zikiwa juu,
akautia kwapani.